Kochi la Kitaliano kwenye nyumba yenye mama mkwe, halua na udi

SWALI: Assalaam alaykum dada. Nyumba yetu ya Maskati imekwisha, imebaki sebule ya familia. Mume wangu anataka kochi la ngozi liitwalo Chester, la kampuni ya Poltrona Frau. Mimi nimependa Groundpiece la Flexform. Binti yangu hasikii lingine ila Camaleonda la B&B Italia. Tunakaa na mama mkwe, magoti yanamsumbua, na wageni hawakatiki: kahawa, halua, udi. Tuchukue lipi?
Mama wa Watatu, Maskati

JIBU: Waalaykum salaam mdogo wangu, na hongera kwa nyumba. Mimi nashona foronya za makochi hapa Brianza, kati ya Milano na Como, mwaka wa 14 huu. Kwa hiyo sitaanza na sura ya kochi. Nitaanza na mama mkwe.

Groundpiece, alilolichora Antonio Citterio mwaka 2001, ni kochi la kujinyoosha. Kikalio kiko chini, kina chake kirefu, na mito ina manyoya ya bata bukini. Ukikaa unazama, na kwako wewe hiyo ndiyo raha yenyewe. Lakini mwenye magoti mabovu akishazama hana pa kukita miguu ajisukume. Kila akitaka kwenda kusali itabidi mtu amshike mkono, tena mbele ya wageni. Mtu mzima hapendi hivyo, hata kama hasemi. Halafu manyoya yanataka kupigwapigwa kila siku, la sivyo mto unalala ukabaki na shimo la aliyekaa mwisho.

Mume wako ana jicho, mwambie nimesema. Renzo Frau alianzisha karakana yake Torino mwaka 1912, na siku hizi kiwanda kiko Tolentino, mkoa wa Marche. Ndani ya Chester mna fremu ya mbao ngumu, springi za chuma zilizofungwa kwa mkono, na singa za farasi. Angalia mkono wa kochi kwa mbele: ile ngozi imekunjwa marinda, pindo moja baada ya jingine, kwa vidole vya mtu. Kazi ile mimi naiheshimu sana. Shida yake ni vile vishimo vya vifungo mgongoni. Halua ikiingia mle na samli yake utaitoa kwa kijiti, na ngozi inabaki na doa la mafuta. Pia ngozi haipendi kupulizwa na kiyoyozi mchana kutwa wala kupigwa na jua la dirishani. Inakauka, halafu inapasuka pale pale inapokunjwa. Kama ana chumba chake cha kusomea, mnunulieni kiti kimoja cha ngozi akiweke huko, mbali na sahani za halua.

Camaleonda ni la Mario Bellini, la mwaka 1970, na B&B Italia wamelirudisha sokoni mwaka 2020. Jina lenyewe limeunganisha kinyonga na wimbi. Ni vipande vya mraba vya sentimita 90 vinavyoshikana kwa kamba, kulabu na pete, unavipanga upya utakavyo. Namwelewa binti yako. Ila nalo liko chini, na mabonde yake ni mengi kuliko ya Chester.

Mimi ningekupeleka kwa lingine kabisa: Maralunga la Cassina, alilochora Vico Magistretti mwaka 1973. Cassina na Flexform wote ni wa Meda, mji mmoja. Egemeo la Maralunga linakunjwa. Likilala, kochi linakuwa fupi na nadhifu mbele ya wageni. Ukiliinua, mama mkwe anapata pa kulaza kichwa na shingo. Kinachofanya kazi hiyo ndani ni mnyororo, kama ule wa baiskeli. Husimuliwa kwamba Cesare Cassina alikasirika akaipiga ngumi sampuli ya kwanza, mgongo ukavunjika ukaanguka, na Magistretti akasema hivyo hivyo ndivyo panapendeza.

Chukua la kitambaa, si la ngozi. Kabla hujatoa pesa, muulize muuzaji kama kitambaa ulichochagua kinavuliwa chote, na akuandikie kwenye risiti. Hapa nina sababu yangu. Nyumbani kwetu Unguja, nikiwa msichana, kaa liliruka kutoka kwenye chetezo likatoboa kikalio cha kochi jipya la mama. Kitambaa kilikuwa kimepigiliwa misumari kwenye fremu, hakuna zipu, hakuna pa kuanzia. Mama alitandika kitambaa cha kudarizi juu ya lile tundu kwa miaka, na mgeni akikaa, yeye alikuwa hatulii.

Kwa hiyo agiza foronya za akiba za vikalio leo leo, pamoja na kochi, zikatwe kwenye jora lile lile. Ukingoja miaka mitatu utapata rangi ya jina lile lile, lakini jora na jora hazifanani. Nimeziweka bega kwa bega mezani mara nyingi, tofauti inaonekana hata kwa taa.

Na siku ya kwenda dukani nenda na mama mkwe. Akae yeye kwanza, anywe maji, mzungumze robo saa, halafu ainuke mwenyewe bila kushikwa. Wewe mtazame mikono tu, anaikita wapi.