Ukuta wa kuzuia udongo wa mita 2: fundi peke yake anatosha?

Ndugu, unataka kujenga kwa matofali ya inchi 6 ukuta wa mita 2 kwenye mteremko, na gari litaegeshwa kwenye udongo ulio juu ya ukuta huo. Mtafute mhandisi wa miundo (anayepiga hesabu za uimara wa jengo) kabla fundi hajachimba msingi. Matofali ya inchi 6 yasiyo na nondo hapo hayafai kabisa.

Urefu ukiongezeka mara mbili, msukumo wa udongo huongezeka mara nne, na nguvu ya kuupindua ukuta mara nane. Ndiyo maana ukuta wa mita 1 wa jirani si kipimo chako. Kwa kawaida, ukizidi mita 1.2 hivi, hesabu zinahitajika. Hata ukuta mfupi unazihitaji kama juu yake kuna nyumba, barabara, tangi la maji au mteremko unaoendelea, au kama udongo ni mfinyanzi mweusi unaovimba mvua ikinyesha.

Mhandisi atachimba shimo la kupima udongo, kisha akupe mchoro wenye upana wa kitako, yaani sehemu pana ya chini ambayo ukuta unakalia (mara nyingi nusu hadi theluthi mbili ya urefu wa ukuta), nondo na mahali zinapokaa. Nondo kuu hukaa upande wa udongo. Mafundi wengi huziweka upande wa nje, na ukuta hupasuka chini.

Maji ndiyo huangusha kuta nyingi. Weka kokoto sentimita 30 nyuma ya ukuta, kitambaa cha kuchuja, na mabomba ya inchi 3 ya kutolea maji kila mita 1.5.

Hakikisha mhandisi huyo amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi.