Lile paa la vioo la Abbesses

Uliyeuliza kama lile paa la vioo la mlango wa stesheni ya metro (treni za chini ya ardhi) ya Abbesses, kule kwenye kilima cha Montmartre, Paris, limekuwepo tangu mwanzo: hapana. Ni kazi ya msanifu majengo Hector Guimard kweli, chuma cha kijani kilichosubiwa kikapindapinda kama mashina ya mimea, ila zamani lilikuwa kwenye stesheni nyingine, Hôtel de Ville, likahamishiwa hapo 1974. Stesheni yenyewe ilifunguliwa 1913 na kampuni ya metro ya Nord-Sud, ambayo wala haikumtumia Guimard! Halafu jiandae, iko mita 36 chini, maana kilima kile kimetobolewa sana na wachimba jasi. Lifti ipo, lakini kama magoti yanakuruhusu shuka kwa ngazi za mzunguko. Kuta zake zimejaa michoro.