Porsche kuukuu kwenye Safari Classic

Kaka, umeuliza kama zile Porsche 911 za Safari Classic (mbio za magari ya zamani Afrika Mashariki) ni bodi tu za maonyesho, maana "gari la michezo la miaka ya 70 haliwezi kuhimili makorongo". Linahimili, bwana. Angalia kwanza injini: iko nyuma kabisa, na uzito wake unakandamiza magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo kwenye tope matairi yanashika. Halafu inapozwa kwa hewa. Hakuna rejeta mbele ya kutobolewa na jiwe! Mafundi wanainua gari, wanafunga shokapu ndefu, bamba nene la chuma chini ya tumbo na fremu ya mabomba ndani. Umbo ni la zamani, ila usidhani kila nati ni ya kiwandani.

Kinachonigusa mimi ni Björn Waldegård, dereva wa mbio kutoka Uswidi. Safari Rally ya 1974, ile ya kawaida, aliendesha 911 akamaliza wa pili nyuma ya Mkenya Joginder Singh na Mitsubishi Colt Lancer yake. Baadaye alishinda Safari mara nne (1977, 1984, 1986, 1990), lakini si kwa Porsche. Porsche haikuwahi kutwaa Safari ile ya ubingwa wa dunia. Mwaka 2011, mzee ana miaka 68, akarudi kwenye Classic na 911, mwanawe Mathias kando akisoma ramani, akashinda. 2015 Mswidi mwenzake Stig Blomqvist naye akashinda Classic, 911 tena.

Mimi lakini moyo wangu uko kwa Datsun 240Z. Usiniulize kwa nini.