Usiniandikie S72.9

Kijana mmoja anayesomea rekodi za afya hapa Mombasa ameniandikia: "Mwalimu, daktari kaandika fraktura ya femuri, basi. Niweke S72.9?"

Hapana, mwanangu. Kwenye ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa na majeraha, S72 ni kuvunjika kwa femuri, yaani mfupa wa paja, na S72.9 ni ya sehemu isiyotajwa. Mimi naiita msimbo wa uvivu. Mfupa wa paja una shingo yake, S72.0, una katikati, S72.3, na una ncha ya chini inayokaa na goti, S72.4. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho.

Nilikuwa karani wa rekodi hospitali moja ya binafsi, sitaitaja. Akaletwa mwendesha boda aliyeanguka upande wa Changamwe, goti limefura, mguu haukanyagiki. Eksirei ikapigwa kwa mbele, haikuonyesha kitu. Akaandikiwa kuteguka goti, akapewa dawa za maumivu, akarudishwa kwao. Aliporudi akichechemea, CT skani ikaonyesha kondili ya nje, yaani kile kinundu cha ncha ya chini ya mfupa wa paja upande wa nje wa goti, imepasuka kwa nyuma. Huo ni mvunjiko wa Hoffa, na picha ya mbele huuficha kwa urahisi. Bima ikarudisha madai: maelezo ya kwanza na ya pili hayalingani. Na nani akaitwa ofisini? Mimi! Ati karani ndiye hakujua kuandika. Kikao kile mpaka leo hakijanitoka.

Tangu hapo sisubiri faili kitini. Nakwenda wodini, nauliza. Walinicheka, "karani anataka udaktari", lakini sasa wapasuaji hunipigia simu wenyewe.

Uliza basi: ufa umeingia kwenye kiungo cha goti, au umeishia juu yake? Toleo la Marekani la ICD-10 hutenganisha: S72.45 haujaingia, S72.46 umeingia. Matibabu nayo hufuata hapo. Ukiwa umeingia, uso wa goti hupangwa sawasawa kwanza, ndipo chuma cha ubavuni mwa mfupa kifungwe kwa skrubu. Usipoingia, mara nyingi rodi inayopitishwa gotini kwenda juu ndani ya mfupa inatosha. Uliza pia ngozi: imepasuka au ni nzima? Daktari asipotaja kidonda, kanuni ni kuhesabu mvunjiko umefungika, na kazi yote ya kuosha kidonda inakosa maelezo.

Na mapigo ya damu mguuni yamepimwa? Msimbo hauyahitaji, najua. Lakini misuli ya shavu la mguu huvuta kipande cha chini kuelekea nyuma, ulipo mshipa mkubwa wa damu, na mguu uliokosa damu huweza kuishia kukatwa. Uliza tu, hata wakikununia.

Vijana siku hizi mnataka programu iwachagulie msimbo. Programu haiendi wodini! Soma maelezo yote, amka kitini, uliza.

Akija bibi aliyeteleza msalani, kuanguka kudogo tu, na daktari ameandika ana osteoporosisi, ugonjwa wa mifupa kudhoofika, S72 weka kando, nenda M80, ya mivunjiko inayotokana na ugonjwa huo. Ila huo ugonjwa auandike daktari mwenyewe, usimwandikie.