Uliza Tujibu: maji ya Peterhof yanaruka vipi bila pampu?

SWALI: Anko shikamoo. Mie fundi bomba hapa Ngamiani, Tanga. Juzi kijiweni tumeoneshwa klipu ya jumba la wafalme huko Urusi linaitwa Peterhof, mbele yake masanamu ya dhahabu tupu na maji yanaruka juu balaa. Mie nikasema chini pale wamefukia mapampu, jamaa mmoja akabisha ati hakuna pampu hata moja toka enzi za mfalme mwenyewe. Tumewekeana chai na chapati. Nani anakula?

JIBU: Marahaba fundi. Toa hela, jamaa anakula.

Yale ni maji ya mserereko, haya haya unayoyajua ya huko milimani Lushoto. Mfalme Peter alikwenda Ufaransa 1717 akaona bustani za Versailles, na kule kwa Louis wa 14 maji yalikuwa yanavutwa toka mto Seine kwa mtambo wa magurudumu 14 makubwa, mtambo wenyewe kelele na kuharibika kila saa, na bado chemchemi zote haziwezi kuruka kwa pamoja. Peter akataka zaidi ya pale. Kwanza alianza kujenga sehemu inaitwa Strelna, mafundi wakamwambia mzee hapa maji hayatapanda yenyewe, ndo akahamishia nguvu Peterhof. Mimi hapo namvulia kofia, maana wakubwa wangapi ukiwaambia mwinuko hautoshi wanakuelewa?

Vyanzo vyake viko kwenye vilima vya Ropsha, zaidi ya kilomita 20 toka ufukweni. Mwaka 1721 injinia Vasily Tuvolkov akachimba mfereji, maji yakawa yanashuka taratibu yanajaa kwenye mabwawa, toka mabwawani yanaingia kwenye mabomba kwenda bustanini. Agosti 1723 bustani ikafunguliwa.

Sasa piga hesabu ya kifundi. Jumba limekaa juu ya ukingo wenye kimo cha kama mita 16, na bustani ya chini iko miguuni pake, ndo inakwenda mpaka baharini. Pale kati kuna sanamu ya Samson anamchana simba mdomo, na maji yanatoka mdomoni mwa simba kwenda juu kama mita 20. Mita 20 haziwezi kutoka kwenye ukingo wa mita 16, si ndio? Kwa hiyo maji yake lazima yawe yamekaa juu zaidi, kule ndani bara, halafu yanabanwa kwenye tundu dogo pale mwisho, kama unavyoziba mdomo wa mpira wa bustani kwa dole gumba. Na wewe mwenyewe unajua wateja wanaoweka simtanki usawa wa dirisha halafu wanalalamika bafu la ghorofani halina presha, waoneshe hiyo klipu.

Samson mwenyewe aliwekwa 1735 kukumbuka vita vya Poltava vya 1709, Urusi ilipompiga Mswidi siku ya Mtakatifu Sampson, na simba ndo yuko kwenye nembo ya Sweden. Kejeli ya wafalme hiyo. Na dhahabu ni ya juu juu tu, ndani bronzi.

SWALI: Mhariri habari za kazi. Natembeza wageni hapa Bagamoyo, mmoja aliniambia Peterhof ninayoiona kwenye picha ni mpya, ya zamani haipo. Kweli au alikuwa ananipiga fiksi?

JIBU: Nusu kweli. Wajerumani waliikalia Peterhof toka 1941 mpaka Januari 1944, na walipoondoka jumba lile ambalo msanifu majengo Rastrelli alilipanua kwa ajili ya malkia Elizabeth limebaki kuta zilizoungua. Kabla hawajafika, wafanyakazi waliwahi kuhamisha vitu vingi na masanamu mengine wakayafukia ardhini humohumo bustanini, ila Samson mzito yule alibaki, akachukuliwa na hajaonekana mpaka leo. Huyu wa sasa ni wa 1947, yaani walimrudisha Samson wakati nyumba yenyewe bado gofu! Vyumba vya kwanza vya jumba vilifunguliwa 1964. Kwa hiyo mwambie mgeni wako ramani na mfumo wa maji ni wa kale, dari na kuta nyingi ni kazi ya mafundi wa baada ya vita.

SWALI: Nikijaliwa kwenda, nifike kwa boti au gari? Na miezi gani?

JIBU: Boti. Toka St. Petersburg ni kama kilomita 30 na boti ziendazo kasi zinakushusha gatini kwenye Ghuba ya Finland, halafu unatembea pembeni ya mfereji unaokwenda moja kwa moja mpaka kwa Samson, kama wageni wa mfalme walivyokuwa wanaingia. Nenda kati ya Mei na mwanzoni mwa Oktoba, baridi ikiingia maji yanafungwa na ghuba inaganda barafu. Na beba nguo ya kubadili, kuna chemchemi za utani Peter alizipenda sana, unakalia benchi mara unalowa. Watoto wanarukaruka kwenye mawe wakitafuta jiwe linalofungulia maji, kumbe kuna mtu kajificha kibandani anafungua koki.