Sarafu Iliyofukuliwa: Jinsi ya Kutofautisha Kazi ya Mikono na Kazi ya Udongo

Sarafu ya kwanza niliyoifukua niliiharibu mwenyewe, tena ndani ya saa moja. Ilikuwa ya shaba, imevikwa ganda gumu la kijani, na kwa shauku ya kuusoma mwaka wake niliitumbukiza kwenye siki kisha nikaisugua kwa brashi ya waya. Ganda lilipotoka, lilitoka pamoja na maandishi. Nilibaki na kipande chenye rangi ya waridi, kimejaa vishimo, wala hakina jina la mfalme wala mwaka. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba kwenye shaba iliyolika, sura ya asili ya sarafu mara nyingi huwa imehifadhiwa ndani ya utando wenyewe, kwa hiyo anayeubandua utando hupoteza kile alichokuwa akikitafuta.

Kabla ya kuuliza kama sarafu ni nzuri au mbaya, jiulize ni nani aliyeiharibu. Sarafu ya ardhini hubeba uharibifu wa aina mbili, na wanaoanza huuchanganya. Uchakavu ni kazi ya mikono na mifuko ya watu walioitumia, nao huanzia sehemu zilizoinuka: nywele juu ya sikio, shavu, bega, kifua cha ndege. Ulikaji ni kazi ya udongo, maji na chumvi, nao hauchagui, bali huyala mabonde sawasawa na vilima. Sarafu iliyozunguka mikononi kwa mwezi mmoja tu inaweza kukaa ardhini miaka 100 ikatoka inatisha, ilhali nyingine iliyochakaa kabisa inaweza kutoka laini na ya kupendeza, kumbe michoro yake ilikwisha kufutika kabla haijadondoka.

Kuzitenganisha kunahitaji lenzi inayokuza mara 10 na taa inayomulika kutoka ubavuni, kwa maana mwanga wa kutoka juu huficha vishimo. Ishike sarafu kwa ukingo wake, ichague herufi moja, uitazame kwa utulivu huku ukiigeuza sarafu polepole. Herufi iliyochakaa huwa bapa na laini, miguu yake imetanuka na kuyeyukia kwenye sehemu tambarare iliyoizunguka. Herufi iliyoliwa huwa na kingo zilizokwaruka kama karatasi iliyotafunwa na mchwa, na mara nyingi kilele chake bado kipo. Kuna pia jambo la tatu ambalo huwahadaa hata wazoefu, nalo ni sarafu iliyogongwa kwa nguvu hafifu tangu kiwandani: mchoro haupo sehemu moja tu, mara nyingi na upande wa nyuma penye nafasi ileile pamefifia, huku sehemu nyingine zikiwa kali.

Kila metali ina tabia yake. Dhahabu haina tatizo na udongo, kwa hiyo itafutie mikwaruzo ya jembe na kupinda. Zinki na chuma huliwa haraka, na sina mengi ya kusema juu yake. Fedha ndiyo yenye hila. Weusi mwembamba juu yake ni wa kawaida na hauna madhara makubwa, lakini kwenye udongo wa chumvi hujenga ganda la kijivu lenye kufanana na nta, ambalo ni metali yenyewe iliyokwisha kugeuka. Tena fedha iliyochanganywa na shaba nyingi hutoka ya kijani, kwa sababu shaba hujitokeza juu. Usikimbilie kusema ni ya shaba. Na fedha ya kale sana huweza kuwa imepoteza uimara wake ndani kwa ndani, hivyo usiidondoshe mezani kusikiliza mlio, wala usijaribu kuinyoosha, kwani huvunjika kama biskuti.

Kwa shaba, utando mgumu, laini, wa kahawia au kijani iliyokolea ni ngao, uache. Kinachonitia wasiwasi ni madoa ya kijani hafifu, yenye unga, yanayobanduka kwa kijiti cha meno na kuacha kishimo. Huo ndio unaoitwa ugonjwa wa shaba. Kloraidi, yaani chumvi zenye klorini, zilizonaswa ndani hukutana na unyevu na hewa, huzalisha asidi, asidi hula shaba zaidi, na mzunguko huendelea hata sarafu ikiwa kabatini. Kwa sababu hiyo sitoi hukumu siku ya kwanza. Huiosha sarafu kwa maji yaliyokenekwa bila kuisugua, huikausha kabisa, huiweka peke yake kwenye kisanduku chenye vifuko vya silika vya kufyonza unyevu, kisha huirudia baada ya wiki kadhaa. Unga ukirudi, hiyo ni kazi ya mtaalamu wa uhifadhi.

Mizani husaidia, ila isisikilizwe peke yake. Thaler ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, yenye mwaka 1780 inapaswa kuwa na gramu 28.07, ikipungua, huenda imeliwa, imekatwa ukingoni, au ni ya bandia. Lakini ganda huongeza uzito huku ulikaji ukiupunguza, kwa hiyo uzito unaoonekana sahihi kwenye sarafu iliyojaa ganda hauthibitishi chochote.

Kuhusu namba za kukadiria hali ya sarafu, kipimo cha 1 hadi 70 alichokibuni William Sheldon huko Marekani mwaka 1949 kilitungwa kwa ajili ya senti za zamani za shaba za nchi hiyo, nacho hutumika leo kwa sarafu za aina nyingi. Mimi siitumii namba kwa sarafu iliyoliwa au iliyosuguliwa, na wakadiriaji wengi wa kitaalamu nao hutaja kiwango cha michoro na kasoro yake bila kutoa namba. Muuzaji anayeiita sarafu yenye vishimo “nzuri sana” kwa kuwa jina linasomeka ameeleza nusu ya habari.

Katika daftari langu kila sarafu ina mistari miwili, wa mikono na wa udongo. Ile ya siki ipo ukurasa wa kwanza, na imebidi niichoree mstari wa tatu.