Kwa nini wanamhoji mlezi peke yake?
Dada, umeuliza kwa nini kwenye jaribio la dawa ya Alzheimer wanakuhoji wewe pembeni, mama akiwa chumba kingine. Hawamdharau. Kipimo cha CDR (Clinical Dementia Rating, kinachopima ukali wa tatizo la kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kujitegemea) ndivyo kilivyo: anahojiwa mlezi, kisha mgonjwa, na alama hutokana na maelezo ya wote wawili. Mama atasema anapika vizuri tu. Wewe ndiye unayejua sufuria ngapi zimeungua. Jaribio la lecanemab, dawa ya Alzheimer, la miezi 18 lilitumia jumla ya alama za kipimo hicho kama matokeo yake makuu, kwa hiyo usijibu harakaharaka. Na msipokezane ovyo kazi ya kuhojiwa: binti anayeishi naye na kaka anayepiga simu Jumapili hawamwoni mama yule yule. Siku ukiwa hoi, waambie. Uchovu nao hubadilisha majibu.